Kuku Katika Nchi ya Ng'ombe

Mwezi wa Novemba mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa safarini pamoja na mwenziwe James Grant kuitafuta asili ya mto wa Nile, aliwasili mbele ya Rumanyika, Omukama wa Karagwe, akapokewa kwa taadhima na bashasha ambazo hakuwa amezipata kwa watawala wengi aliowapitia njiani. Jambo moja tu lilimtatiza. Tangu alipoukanyaga mpaka wa nchi ile, ambayo mabonde yake yalijaa ng'ombe wenye pembe ndefu, hakumpata mchungaji aliyekubali kumpa maziwa, ijapokuwa kwa kununua; na habari zilizomfikia zilisema kwamba wafugaji wa pale wanaamini kuwa mtu aliyekula nguruwe, au samaki, au kuku, au maharagwe, kisha akaonja maziwa, huwatia ng'ombe balaa ya kuwaangamiza. Speke alimfikishia mfalme malalamiko yake, na Rumanyika akamjibu kwa upole kwamba hiyo ni itikadi ya watu maskini tu, kisha akaahidi kumtengea mgeni ng'ombe mmoja awe wake peke yake. Habari hii imo katika kitabu alichokichapisha Speke mwaka 1863, nami kila niikumbukapo hutabasamu, kwa kuwa mfalme aliyeikana itikadi kwa ulimi hakuthubutu, hata hivyo, kumchanganya ng'ombe wa mla kuku na kundi lililobaki.

Hivyo ndivyo kuku alivyoingia katika vitabu vya historia ya Karagwe: akiwa najisi ya mlangoni, ameketi benchi moja na maharagwe. Zama zimegeuka. Leo maharagwe ndiyo yanayopakiwa malori huko Omurushaka na Nkwenda kuelekea Kyaka na Bukoba na mbali zaidi, mpaka mtu asiyejua huweza kudhani kwamba jina la nchi limechimbuliwa kutoka ndani ya neno maharagwe, ilhali hiyo ni sadfa ya sauti tu. Na kuku, kwa upande wake, ameingia katika kila ua wa Karagwe na wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, asikose kwa tajiri wala kwa fukara. Ameingia katika kila ua, lakini bado hajaingia katika hesabu. Mwulize mwenye mji ana ng'ombe wangapi, atakutajia idadi, na jina la kila mmoja, na nasaba yake. Mwulize miti ya kahawa, atakujibu bila ya kusita. Mwulize kuku, atatazama huku na huko uani na kusema, wapo wachache.

Basi tumtazame leo huyu asiyehesabiwa, maana kuishi naye miaka mingi si kumjua.

Jina lake lenyewe ni ushahidi wa ukale wake kwetu. Mswahili wa pwani husema kuku, Mnyambo wa Karagwe husema enkoko, Mganda kadhalika husema enkoko, na Mnyarwanda aliye ng'ambo ya mto Kagera husema inkoko. Shina ni moja, na mtu mwenye masikio atakubali kwamba waliolitunga walilichukua kinywani mwa ndege mwenyewe. Walakini asili yake si Afrika. Wataalamu wa elimu ya viumbe, tangu Charles Darwin katika karne ya 19 hata hawa wa zama zetu wanaosoma nasaba katika damu, wamekubaliana kwamba kuku wote wa duniani chimbuko lao kubwa ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia, ambaye aliuzoea ukaribu wa binadamu yapata miaka 3,500 iliyopita, pale wakulima wa nafaka walipoanza kumwaga punje katika mashamba na maghala yao. Kwa mikono ya wasafiri akaenea bara kwa bara na bahari kwa bahari. Mifupa yake imefukuliwa katika mabaki ya miji ya kale ya pwani yetu, kama Unguja Ukuu, na kutoka njia hii au ile akapanda hata nchi za Maziwa Makuu, akapokelewa kwa hisia mbili zilizogongana. Huko Rwanda waaguzi wa mfalme waliyasoma mambo ya ghaibu katika matumbo ya kifaranga. Huko Buganda mwanamke alimlea, akamlisha, akamchinjisha na kumpika kwa ufundi mkubwa ndani ya jani la mgomba, kisha akaketi kando akamtazama mumewe akila, kwa kuwa desturi ilimharamishia yeye nyama ya kuku na mayai. Ni nadra kuona mnyama aliyepewa daraja la juu kiasi hicho katika uganga na la chini kiasi hicho katika haki.

Kiswahili, ambacho watu wengi hudhani ni lugha ya baharini tu, kina hazina kubwa ya maneno juu ya ndege huyu kuliko tunavyoitumia siku hizi. Aliyeanguliwa leo ni kifaranga. Dume lililokua bila ya kujua kuwika sawasawa ni pora. Jike lililofikia utu uzima ambalo halijapata kutaga ni tembe, na likikaribia kutaga huitwa mtetea, kwa sababu ya ule mtetemo wa sauti anaotembea nao kutwa akitafuta mahali pa siri. Mama mwenye uzazi ni koo, na mzee wa boma mwenye vipi virefu miguuni na upanga mwekundu kichwani ni jogoo, au jimbi. Kwa maumbile yuko kuchi mwenye shingo na miguu mirefu, apendwaye kwa kupiganishwa; yuko kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya, na maskini huchekwa bure, kwa maana upara ule humsaidia kupunga joto; yuko kidimu mwenye manyoya yaliyopindana kana kwamba ametoka katika upepo mkali; yuko wa shungi. Mtu akisema kuku wa kienyeji kana kwamba ni kabila moja, huwa amewafunga watu wa mji mzima kamba moja.

Siku ya kuku huanza kabla ya yetu. Katika miinuko ya Kayanga, ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka juu ya migomba, jogoo la kwanza huwika giza likiwa bado limeshikamana, na watoto hufundishwa kwamba ameliona jua kabla yetu. Waislamu nao wamepokea katika mafundisho yao kwamba awikapo jogoo ameona malaika, basi na tumwombe Mungu fadhila zake. Wataalamu wa Japani waliowafungia majogoo katika vyumba vyenye mwanga hafifu usiobadilika, wakaeleza matokeo yao mwaka 2013, walikuta kwamba majogoo hao waliendelea kuwika kwa saa zao vilevile, maana saa imo ndani ya mwili na haingoji kuonyeshwa alfajiri. Miaka miwili baadaye wakaongeza jambo la kuchekesha zaidi: palipo na majogoo kadhaa, mwenye daraja la juu ndiye huwika kwanza, na wengine humfuata kwa kadiri ya vyeo vyao, na akiondolewa yule mkubwa, wa pili wake hurithi haki ya kufungua asubuhi.

Cheo, naam, kwa sababu uani hapana usawa. Mtu aliyelifunua jambo hili kwa elimu alikuwa Mnorwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye tangu utotoni alikuwa na daftari la kuandikia nani amemdona nani katika kuku wa nyumbani kwao, na katika miaka ya mwanzo ya 1920 akaitangaza kanuni yake: kuku wa kundi moja hujuana mmoja mmoja kwa sura, na kila mmoja anamjua wa kumdona na wa kumkimbia, toka sultani wa juu ambaye hadonwi na mtu, mpaka mnyonge wa chini ambaye hudonwa na wote. Daraja hizi, ijapokuwa zinatazamika kama udhalimu, ndizo zinazoleta amani. Maadamu kila mmoja anaijua nafasi yake, punje huliwa bila ya damu kumwagika. Fujo huzuka anapoletwa mgeni. Wahenga walioinena ile methali ya kuku mgeni asiyekosa kamba mguuni hawakuwa wakifanya mzaha: kuku aliyenunuliwa gulioni Nkwenda akaachiliwa moja kwa moja katika ua wa Isingiro, siku tatu za kwanza hana baraza la kukaa, na kamba ile, ambayo humfunga karibu na jiko mpaka wenyeji wamzoee na yeye aizoee njia ya kurudi jioni, ni dhamana yake zaidi kuliko adhabu.

Mlango wa jiko ukifunguliwa kundi humiminika shambani, na hapo migomba inakuwa ndiyo dunia yake yote. Chini ya majani makavu yaliyotandazwa kuhifadhi unyevu kuna minyoo, mchwa, mende na mayai ya wadudu, na kuku hufukua kwa kanuni isiyobadilika: mguu mmoja nyuma, mguu wa pili nyuma, hatua moja kinyumenyume, kisha kichwa chini. Hafundishwi na mtu. Hata kifaranga aliyetotolewa na mashine, ambaye hakupata kumwona mama, hufanya vivyo hivyo, jambo linalothibitisha kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura kweli kweli. Jicho lake moja hutafuta punje iliyo karibu na la pili huchunga mbingu iliyo mbali, na macho hayo yanaona rangi nyingi kuliko yetu, hata ile miali ya zambarau iliyojificha kwa binadamu; lakini jua likizama huwa kama kipofu, na hiyo ndiyo sababu wezi na vicheche wote humwendea usiku.

Meno hana. Punje hushuka kwanza katika kifuko cha kooni, ambacho jioni hutuna mpaka mwenye kuku akikipapasa hujua nani ameshiba na nani amelala njaa. Zikiisha kulowana hupita katika tumbo la maji makali, kisha hufika kwenye firigisi, kinu cha nyama ngumu ambamo vijiwe alivyovimeza njiani husaga mahindi kama mawe ya kusagia. Kuku aliyefungiwa ndani asipate mchanga wala changarawe ni mtu aliyeng'olewa meno. Na firigisi hiyo hiyo, ikisha kupikwa, katika nyumba nyingi za nchi zetu haimfikii aliyepika. Huwekwa juu ya sahani ya baba au ya mgeni mtukufu, na mtoto atakayethubutu kuigusa ataikumbuka siku hiyo.

Adhuhuri utamwona amejilaza penye vumbi chini ya ukuta, ubawa mmoja umefunuliwa, anajimwagia udongo mgongoni na kutetemeka, na mgeni wa mjini hudhani ana kifafa. Anaoga. Vumbi laini hupenya katikati ya manyoya na kuwapukutisha utitiri na chawa, na mafuta yaliyokwisha kuchakaa huondoka nalo. Baada ya hapo hujikung'uta kwa nguvu na kuanza kuyapanga manyoya yake upya moja moja kwa mdomo. Kwa kuwa hana jasho, joto likizidi huachama na kuhema haraka haraka, na hivyo hivyo unyevu wa kinywa humpooza.

Hayo ni ya kila siku. Yaliyo makubwa huanzia pale mtetea anapokwisha kuchagua mahali pake, ambapo huwa pembe ya jiko, au chini ya kitanda, au katika kapu bovu lililosahauliwa karibu na kahawa kavu, au pabaya kuliko pote, ndani ya majani ya shamba la jirani. Yai moja humchukua zaidi ya siku moja kulikamilisha, kama saa 25 hivi, na katika muda huo kiasi cha saa 20 hutumika kulijenga ganda peke yake. Kwa hiyo yai la kesho huchelewa kidogo kuliko la leo, na la kesho kutwa zaidi. Yeye huweza kutaga bila ya jogoo, ila mayai hayo hayana mbegu. Na akisha kupandwa huhifadhi mbegu za dume katika mwili wake kwa wiki mbili au zaidi, akizitumia kidogo kidogo, hata jogoo aliyechinjwa sikukuu iliyopita anaweza kuzaliwa watoto wasiomkuta. Kinyume cha binadamu, kwa ndege mbegu ya mama ndiyo inayoamua kama kifaranga kitakuwa jike au dume, wala jogoo si wa kulaumiwa wala wa kushukuriwa.

Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 10 mpaka 15, kisha humwingia hali nyingine kabisa. Hutuama. Damu hupanda joto katika ngozi ya kifua, manyoya ya hapo hupukutika ili yai ligusane na nyama bila ya pazia, na sauti hugeuka kuwa nzito kama ya mzee aliyekasirishwa. Siku 21 hulalia, akitoka mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, ale haraka, anywe, ajisaidie mbali na kiota, arudi. Hukonda, na upanga wake hupauka. Mara nyingi kwa siku huyageuza mayai kwa mdomo, asijue kwamba asipofanya hivyo kijusi kitagandamana na ganda, na huyatoa ya katikati kuyapeleka pembeni na ya pembeni kuyaleta katikati, kana kwamba amepimiwa uadilifu kwa mizani. Kabla siku tatu hazijatimia moyo umekwisha kuanza kupiga ndani ya yai. Siku ya saba, yai likimulikwa kwa tochi gizani, mishipa myekundu huonekana imetanda kama mizizi, na lile lisilo na kitu hung'aa tupu, ndilo linaloweza kuondolewa mapema kabla ya kuwa viza.

Shani iliyonistaajabisha kuliko zote ni ya siku ya 20. Kifaranga ambaye bado hajatoka amekwisha kutoboa utando wa hewa ndani ya ganda, na kwa pumzi yake ya kwanza huanza kulia. Mama husikia, naye humjibu kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitoa kwa mtu mwingine, na watoto walio katika mayai mbalimbali husikiana pia, wakaharakishana, hata kundi zima likatoka karibu kwa wakati mmoja. Hulivunja ganda kwa kijino kidogo kilichoota juu ya mdomo, ambacho hudondoka baada ya siku chache kwa kuwa kazi yake imekwisha. Na kabla ya kutoka hukivuta tumboni kile kiini cha njano kilichosalia, akawa na akiba ya kumtosha siku mbili au tatu bila ya kula wala kunywa. Akiba hiyo ndiyo siri ya yale maboksi yenye matundu unayoyaona yakishushwa kutoka basi linalotoka Mwanza, yamejaa milio ya vifaranga wa siku moja: hawakusafiri kwa muujiza wa mwenye basi, wamesafiri na chakula walichopewa na mama wasiyemjua.

Anayetotolewa uani hana boksi, ana mwewe. Kuku ana sauti nyingi zenye maana, na wataalamu wameonyesha kwamba mlio wa kutahadharisha juu ya adui wa angani si ule wa adui wa ardhini: kwa wa kwanza vifaranga hujikunyata au hukimbilia chini ya mabawa, kwa wa pili wote husimama wima wakitazama na kupiga kelele. Jogoo naye, ambaye hutazamwa kama mwenye majivuno tu, hupiga mlio wa hatari zaidi anapokuwa karibu na majike kuliko anapokuwa peke yake, na akipata mdudu mnono huita kwa sauti ya upole na kumwachia jike; sisemi kwamba hana nia yake nyuma ya ukarimu huo, lakini ni wangapi wasio nayo? Ardhini wapo nguchiro, vicheche, kenge na nyoka, hasa katika vijiji vilivyopakana na hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Juu ya hao wote kuna baridi, kwa maana miinuko hii si Pwani, na kifaranga aliyenyeshewa na mvua ya Aprili asipofika chini ya mama kwa wakati huwa ameganda kabla ya jioni. Mwenye busara humfunga mama kwa kamba, huwafunika wanawe kwa tenga wiki za mwanzo, na kuwawekea maji na chenga za mahindi humo humo; asiyefanya hivyo, katika vifaranga 12 walioanguliwa, baada ya mwezi mmoja hufurahi akibaki na 4.

Hata hivyo mwewe hula mmoja, na kenge hula wawili. Yuko mwingine anayekula wote. Watu humwita kideri, na wengine mdondo, na jina la kitaalamu la ugonjwa wake limetokana na mji wa Newcastle huko Uingereza, ambako ulielezwa na wataalamu mwaka 1927, mwaka mmoja baada ya kuonekana kisiwani Java. Huja aghalabu wakati wa kiangazi, vumbi likipanda: kuku aliyekuwa mzima jana asubuhi leo amejikunyata, mabawa yameshuka, anahema kwa mdomo wazi, anahara maji ya kijani, na yule atakayechelewa kufa shingo yake hupinda nyuma kama mtu anayetafuta nyota mchana. Dawa haipo. Ua uliokuwa na kuku 30 siku ya Jumatatu unaweza kuwa na manyoya tu siku ya Jumapili, na hapo ndipo tunapofanya kosa letu kubwa kuliko la kideri mwenyewe: tukisikia kwamba kijiji cha pili kuku wanakufa, tunawawahisha wetu gulioni tuokoe chochote, mnunuzi wa Kaisho anaondoka na wawili, wa Murongo na watatu, na ugonjwa unapewa usafiri wa bure wa pikipiki.

Kinga ipo, nayo si ya gharama. Huko Queensland, Australia, Profesa Peter Spradbrow na wenzake walitengeneza chanjo ya I-2 kwa ajili ya vijiji visivyokuwa na umeme wala barafu, kwa kuwa inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Tanzania huizalisha yenyewe katika maabara ya mifugo ya serikali, na hutolewa kwa tone moja tu la jicho, kila baada ya miezi mitatu au minne. Tone moja! Kazi haina elimu ndefu, hufanywa alfajiri kuku wakiwa bado ndani, na mama aliyeoneshwa mara moja huweza kuwafundisha wengine. Kizuizi kiko mahali pengine: chupa moja imewekewa kuku mamia, na mwenye kuku 9 haoni sababu ya kuinunua peke yake, mpaka kaya 20 zikubaliane siku, zichange, na ziwakamate kuku wao asubuhi moja. Mimi nimekaa katika vikao vya vijiji vilivyokubaliana kujenga darasa kwa nusu saa na vikashindwa kukubaliana siku ya kuchanja kuku kwa nusu siku, kwa kuwa wazee waliokalia viti si wenye kuku, na wenye kuku walikuwa nyuma, wamesimama, na watoto mgongoni.

Maana ng'ombe ni wa baba, na kahawa ni ya baba hata kama imepaliliwa na mama, lakini kuku ni wa mama na watoto. Daftari la shule likiisha, sabuni ikiisha, mtoto akishikwa na homa usiku, hakuna anayekwenda kumwuza ng'ombe. Huinuliwa mkono penye kichanja cha jikoni, hushikwa jogoo mmoja miguu, na mambo huenda. Kwa kuku watu wamepanda mpaka mbuzi, na kwa mbuzi mpaka ndama. Siku hizi Kayanga na Omurushaka wako vijana waliojenga mabanda, wakafuga kuku wa mayai wanaotaga karibu kila siku, 280 na zaidi kwa mwaka, ambapo yule wa kienyeji hapiti sana 60. Wako pia wenye chotara, wanaokua upesi na kuhimili kidogo maisha ya nje. Siwabezi, ila hesabu yao ni nyingine: yule wa mayai asipoletewa chakula cha dagaa, pumba na mashudu siku mbili huacha kutaga, na kulalia mayai kumekwisha kusahauliwa na damu yake, kwa kuwa waliomchagua kizazi baada ya kizazi walimtupa kila aliyetuama, wakati huyu wetu, ambaye hugharimu tu chenga na maganda ya ndizi, anajua njia yote toka yai mpaka yai bila ya kuulizwa. Na wanunuzi wa mjini, ambao ulimi wao haudanganyiki, humlipia zaidi kwa nyama yake ngumu yenye utamu.

Wiki ya nane hivi, au ya kumi, jambo hutukia uani ambalo watoto huliona kama ukatili. Yule mama aliyewaita wanawe kwa kila punje, aliyemrukia mwewe kifuani na kumkabili mbwa, siku moja humdona kichwani wa kwanza aliyemkaribia, kisha wa pili. Wao hulia na kumfuata, naye huwadona tena, kwa ukali zaidi, mpaka wanasimama mbali wakimtazama bila ya kufahamu walilolikosa. Usiku huo hulala pamoja pembeni, wamebanana, hawajui bado kupanda kichanja. Mama yuko juu. Asubuhi upanga wake umerudi kuwa mwekundu, anazungukazunguka jikoni akitetea, na mwenye nyumba, anayechambua maharagwe ya chakula cha mchana, bila ya kusema neno anainuka, anachukua kapu bovu, anatia majani makavu ya mgomba, na kuliweka pale pembeni lilipokuwa mara ya mwisho.